Tangazo la Kufungua

Mimi ni dereva wa gari la matangazo la halmashauri. Kazini wananiita Breki, kwa kuwa nakanyaga breki mapema kuliko abiria yeyote anavyopenda, na jina hilo nimelikubali. Aliyekaa kando yangu miaka mingi kuliko wote ni mwanamke mmoja mfupi, mwembamba, ambaye ukimkuta kwenye foleni ya posta unaweza kumpita bila kujua umempita mtu. Huyo ndiye aliyekuwa anashika kipaza sauti. Tulimwita Kipaza, mkurugenzi naye akamwita Kipaza, na nadhani hata kwenye karatasi ya mshahara wangemwandika hivyo asingelalamika.

Kipaza alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza, ya mazungumzo, ilikuwa ya chini mno, hadi akisema jambo garini nalazimika kupunguza mwendo ndipo nimsikie. Ya pili ilikuwa inakuja akishabonyeza kitufe. Alikuwa anakohoa kidogo, halafu mtaa mzima unanyamaza. Alitangaza kukatika kwa maji, chanjo ya mbwa, siku ya mwisho ya kulipa ushuru, watoto waliopotea sokoni, na mbuzi waliokamatwa wakila maua ya halmashauri. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Karatasi ikisema "tunasikitika", Kipaza anasikitika kweli kweli, utadhani yeye ndiye aliyekata maji. Nilikuwa namtania kwamba siku atakayotangaza mwisho wa dunia watu watatoka na ndoo. Alikuwa anacheka, na kicheko chenyewe lazima umtazame ndipo ukijue.

Hakuolewa. Wenzetu wa masjala wakimchokoza, alikuwa anajibu kwamba hajapata mwanamume anayeweza kuvumilia kutangaziwa ndani ya nyumba yake. Lakini sababu tuliijua. Sababu ilikuwa mama yake.

Mama huyo alifanya kazi maisha yake yote kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, katikati ya mashine kubwa zinazotikisa sakafu, na mashine zile zikamla masikio. La kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibaki na uhai kidogo, ukiweka mdomo pale pale na kusema taratibu. Kusoma hakuwahi kufundishwa, na redio kwake ilikuwa pambo la mezani. Simu alikuwa anaishika, anaitikia "haya, haya mwanangu," kisha anairudisha akiwa hajaambulia kitu. Kwa hiyo kila jioni Kipaza alikuwa anakaa kwenye mkono wa kiti cha mama yake, anaweka mdomo kwenye lile sikio la kushoto, na kumpa habari za siku nzima kwa sauti yake ndogo. Nimewakuta hivyo mara nyingi nikipitisha mzigo. Mama amefumba macho, anatabasamu, anauliza, "Na Breki alisemaje?" na mimi nimesimama pale pale mlangoni. Mama yangu mzazi nilimzika zamani, na niseme kweli, niliwaonea wivu.

Sauti moja tu mama huyo alikuwa anaisikia kwa mbali, nayo ni ya gari letu. Tukiingia kwenye ua wa nyumba za wastaafu, alikokuwa anaishi na binti yake, alikuwa anatoka na kusimama kizingitini, mkono kifuani. Alikuwa anasema ile sauti haiingii masikioni, inaingia mbavuni. Wazee wenzake wa pale uani, wote waliowahi kuitumikia halmashauri kwa namna moja au nyingine, walikuwa wanamwita Mama Serikali. Alijidai halijui jina hilo, lakini ukimwita hivyo anageuka.

Kisha ule ugonjwa ukaingia, na dunia ikageuka chini juu kwa muda mfupi. Mabasi yakasimamishwa. Soko likagawanywa vipande vitatu, kila kipande na zamu yake, ukitaka vitunguu zamu ya viazi unarudi na viazi. Dirisha la vyeti vya kuzaliwa likafungwa, watoto wakaendelea kuzaliwa bila ruhusa. Kliniki ya wazee ikahamishiwa kwenye simu: muuguzi anakupigia, unamwambia unapoumia, naye anakuandikia dawa bila kukuona. Nilijiuliza mama yake Kipaza atapigiwa vipi, lakini mimi ni dereva, mipango inapangwa ghorofani.

Idara yetu ya habari ilikuwa ya mwisho kwenye kila kitu. Ya mwisho kupewa mafuta, ya mwisho kupewa matairi, chai ya mikutano ikitufikia imeshapoa. Ghafla tukawa watu. Mafuta tangi zima. Spika mpya nne juu ya paa, mbili mbele na mbili nyuma. Bwana Habari, yaani afisa wetu, ambaye zamani alikuwa analala mezani baada ya chakula cha mchana, sasa akawa anaitwa vikaoni asubuhi na jioni, na kila akitoka kikaoni anatuletea karatasi mpya.

Karatasi ya wazee ndiyo iliyoleta yote ninayosimulia. Ilisema hivi: "Mzee wetu, mzazi wetu. Kaa ndani. Usimfungulie mtu yeyote mlango, hata awe mwanao wa kumzaa, hata akikuomba. Chakula utaletewa mlangoni. Subiri tangazo litakalotolewa na gari hili."

Kipaza aliisoma kimyakimya, midomo inacheza. Akamwuliza Bwana Habari, "Na sisi tunaokaa na wazee?"

"Nyinyi mnaozunguka mitaani hamlali tena na wazee," akasema. "Mabweni ya shule ya wasichana yako wazi. Mtapewa vitanda leo hii."

"Mama yangu hasikii simu, bwana."

"Atakusikia kwenye gari. Nani hakusikii wewe?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu, naye pia alikuwa hajaenda kwake.

Basi jioni ile nilimsubiri uani huku akimuaga mama yake. Aliruhusiwa kuingia kuchukua nguo tu, barakoa usoni. Mlango ulikuwa wazi, nikawaona. Aliinama sikioni kama kawaida yake, lakini ile barakoa ilimzuia, akajaribu kupaza sauti, mama akatikisa kichwa kwamba hapati kitu. Akajaribu tena. Mwishowe akanyanyua mkono akaonyesha gari, akaonyesha mdomo wake, akaonyesha gari tena. Mama akaelewa: nitakwambia kwa kule. Akaitikia kwa kichwa, akajisogeza nyuma mwenyewe, akafunga mlango. Kipaza aliingia garini, akaukumbatia mfuko wa nguo mapajani hadi tulipofika bwenini. Nami siku ile sikutania.

Tangu hapo tukawa tunapita pale uani kila siku, asubuhi na jioni. Ratiba ilisema tuzunguke mara moja na kutoka. Mimi nilikuwa nazunguka taratibu kabisa, gari linakaribia kuzimika, na Kipaza anaisoma ile karatasi akimtazama mama yake dirishani. Mama amesimama nyuma ya kioo, mkono kifuani, anaitikia kwa kichwa kila sentensi. Usimfungulie mtu yeyote mlango: anaitikia. Hata awe mwanao wa kumzaa: anaitikia. Sijawahi kumsikia Kipaza akisoma vizuri vile. Mitaa mingine alikuwa anasoma kama mfanyakazi. Pale alikuwa anasoma kama anayetaka neno lishike, kwa sababu siku zile kwenye mitaa mingine tulikuwa tunapishana na gari la hospitali, na tulijua linachukua watu wa umri gani.

Siku moja nikamwambia, "Dada, ongeza hata neno moja. Mwambie umekula, umelala. Nani atajua?"

"Nikiongeza neno langu leo, kesho hawatajua lipi la serikali na lipi langu," akasema. "Mama akiacha kuliamini gari, atafungua."

"Unamkumbuka lakini."

Akageuza uso kwenye dirisha la upande wake. "Kaka Breki, pale bwenini nikilala najisikia nikimsimulia. Naanza, leo tumepita wapi, nani kasema nini. Nafika mwisho, nasubiri aniulize habari zako. Haulizi." Kisha akafuta kipaza kwa kitambaa, kazi aliyokuwa ameshaifanya muda si mrefu.

Mama naye hakuwa mtu wa kutii peke yake. Uani pale akawa askari. Mzee wa mlango wa pili alipotaka kutoka kuota jua, Mama Serikali aligonga kioo cha dirisha lake mwenyewe kwa kijiko hadi mzee akarudi. Mpishi wa zamani wa shule, bibi wa mlango wa mwisho, alipomtembelea jirani kuomba chumvi, alitolewa macho siku mbili. Vijana wa huduma ya mlangoni waliokuwa wanaleta chakula walitueleza haya wakicheka. Wanagonga mara tatu, wanaweka pakiti juu ya kigoda, wanakwenda hadi langoni, ndipo milango inafunguka na mikono inatoka. Ua ule ndio pekee ambao hakuna mzee hata mmoja aliyeugua. Bwana Habari aliutaja kikaoni, akapigiwa makofi.

Miezi ikapita. Nisingependa kuihesabu. Ugonjwa ukapungua nguvu, amri zikaanza kulegezwa moja moja. Mabasi yakarudi nusunusu, soko likaunganishwa. Halafu siku moja ikatoka ile tuliyoisubiri: wazee waruhusiwe kutembelewa, na watumishi warudi makwao.

Kipaza alipanda ngazi mbio kwenda kwa Bwana Habari kuchukua karatasi. Nilikuwa nimeshawasha gari. Alirudi taratibu, mikono mitupu.

"Hakuna karatasi," akasema. "Limetangazwa redioni na kwenye meseji za simu. Gari limepangiwa kazi nyingine."

Na kweli, kabla jua halijazama spika zilifunguliwa zikapelekwa stoo, na nyuma ya gari tukapakia mitungi ya hewa ya zahanati. Fungu la fedha za matangazo lilikuwa limekwisha. Walituwekea fungu la kufunga, la kufungua hakuna aliyelikumbuka. Mimi nilitukana, yeye hakutukana.

"Si kitu," akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Akiniona atafungua."

Nilimpeleka. Alikuwa amenunua mkate na matunda, ameosha nywele, amevaa gauni ambalo sijawahi kumwona nalo kazini. Garini alikuwa anaongea bila kupumzika, nami nikawa sina haja ya kupunguza mwendo ili nimsikie. Alisema leo hatalala, watasimuliana hadi kuche.

Aligonga. Mama akaja dirishani. Kipaza akavua barakoa, akarudi nyuma hatua chache ili aonekane vizuri, akacheka, akafungua mikono.

Mama alimwona. Sitaki mtu adhani hakumtambua, macho yake yalikuwa mazima. Uso mzima ulimfunguka, akaweka viganja vyote viwili juu ya kioo. Kisha akatikisa kichwa.

Kipaza akaonyesha mlango. Mama akatikisa kichwa tena. Akasema kwa ile sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe, kubwa, ua mzima ukaisikia, "Mwanangu, si umesema mwenyewe? Hata awe mwanangu. Hata akiniomba."

"Yamekwisha, mama. Yamekwisha." Alikuwa ameshaweka mdomo kwenye kioo.

"Sikusikii. Subiri tangazo, mwanangu. Gari likisema tu, nafungua." Halafu akaangalia madirisha ya wenzake, ambako wazee walikuwa wamechungulia wote, akasema, "Nikifungua mimi wa kwanza, hawa watanionaje?"

Kipaza akapiga ishara zote anazozijua. Alionyesha gari, akatikisa mkono kwamba halisemi tena. Mama akalitazama gari halina spika, akaitikia kwa huzuni, akaelewa kinyume: kumbe mambo ni mabaya hata gari limekatazwa. Akafunga pazia kidogo, ili binti asiendelee kujitesa. Kipaza aligonga mara tatu kama vijana wa huduma, akaacha mkate na matunda kwenye kigoda, akarudi nami hadi langoni. Tukageuka. Mlango ukafunguka kiasi cha kiganja. Mkono wa mama ukatoka, ukachukua, ukabaki nje kidogo, ukapunga.

"Umeona mkono wake?" Kipaza akaniambia. "Umekonda."

Tulirudi kesho yake, na keshokutwa, na siku zilizofuata. Huduma ya mlangoni ilikuwa imefutwa, kwa kuwa waliandika kwamba sasa ndugu wanaweza kuja, basi Kipaza akawa anawaletea wote wa pale, kila mmoja pakiti yake kwenye kigoda chake. Kwake alikuwa ameruhusiwa kurudi, lakini kwake ni kwa mama, kwa hiyo aliendelea kulala kwenye kile kitanda cha bwenini hadi shule ilipotaka kufunguliwa. Nikamshauri ajibanze ukutani, mlango ukifunguka aushike.

"Nimvizie mama yangu kama mwizi?"

"Ni mlango wako pia, dada."

"Atashtuka. Na hataniamini tena, kwa gari wala bila gari." Akanitazama kwa hasira ambayo najua haikuwa yangu. "Mimi ndiye niliyemfungia. Nilisoma vizuri mno."

Alikwenda kwa Bwana Habari mara kadhaa. Nilikuwa namsubiri nje, mlango uko wazi, nasikia. Bwana Habari anasema tangazo limeshatolewa kwa njia zote rasmi, hawezi kuandika karatasi kwa ajili ya ua mmoja. Kipaza anasema si mama yake tu, ua mzima umejifungia. Bwana Habari anasema wana redio. Kipaza anasema redio walishaambiwa na Mama Serikali wasiisikilize, wasubiri gari. Hapo Bwana Habari alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema ataliwasilisha kikaoni. Vikao navyo, kama ilivyo kawaida yake, vikaanza kuahirishwa.

Wakati huo huo mama alikuwa anaisha. Tulimwona dirishani ameshikilia meza. Siku nyingine mguu wa kushoto umefungwa kitambaa, umevimba hadi kiatu hakiingii. Kipaza akamleta muuguzi wa zahanati, mama akamtikisia kichwa muuguzi. Kisha ikaja asubuhi ambayo hakuja dirishani kabisa. Tuligonga, tukaenda langoni, tukasubiri. Ulipita muda mrefu ndipo mlango ukafunguka, na ule mkono safari hii ulitoka chini kabisa, karibu na sakafu. Alikuwa amejikokota.

Kipaza alikwenda akakaa garini. Akasema, "Kaka Breki, twende stoo."

Mtunza stoo ni mtu wa sheria, hata msumari unausainia. Kipaza akamwambia anataka spika zijaribiwe kama bado zinafanya kazi. Mtunza stoo akamtazama, akalitazama paa tupu la gari, akasema ni kweli, vifaa vya serikali visipojaribiwa vinaharibika. Akazibeba mwenyewe hadi garini. Wala hakuleta karatasi ya kusaini.

Nilifunga spika mbili tu juu ya paa, na kamba, maana bolti zilikuwa zimepotea. Nyuma mitungi ya hewa inagongana. Njia nzima Kipaza alikuwa na kipaza mkononi, hana karatasi, anasogeza midomo. Miaka yote ile sijawahi kumwona akikosa la kusoma.

Tukaingia uani. Nikazima injini. Akabonyeza kitufe, akakohoa, na kikohozi chenyewe kilitosha kusogeza mapazia. Alitazama mapajani, pale karatasi inapokaa siku zote. Nikamshika bega. Ndipo sauti ikatoka, ile ya pili, lakini ndani yake nilisikia ya kwanza, ile ya jioni, ya sikioni.

"Mama. Hili ni tangazo. Muda umefika. Mama, mwanao yuko hapa nje. Amekuja, yuko mlangoni. Fungua, mama."

Alirudia. Mara ya pili aliivuta ile "fungua" hadi ikampotea. Kisha akakiachia kipaza, akatoka mbio, akaacha mlango wa gari wazi.

Mama yake alifungua. Ilimchukua muda, tukasikia komeo likihangaika, halafu akatokea ameegemea fremu, mguu mmoja hewani. Aligeuza kichwa akatega sikio la kushoto, kama anavyofanya jioni zote, na Kipaza akaweka mdomo pale. Alichomwambia hakinihusu. Niliona tu mama amefumba macho na vidole vyake vimeshika gauni la binti nyuma, vimelikunja.

Nilikuwa nafuta machozi kwa kiganja nilipogundua kwamba milango mingine yote ilikuwa wazi.

Ua mzima ulikuwa umefunguka. Mzee wa mlango wa pili alikuwa kizingitini amevaa koti, vifungo vimepishana. Mwingine alikuwa ameshika kofia mkononi. Wote walikuwa wanaangalia huku na huku, langoni, kwenye gari, nyuma ya gari. Bibi wa mlango wa mwisho, yule mpishi wa shule, alikuwa amejipaka mafuta usoni na kuvaa kiatu kimoja, cha pili amekishika kwa haraka aliyokuwa nayo. Nilikuwa nimejiambia miezi yote kwamba wazee hawa wana kichwa kigumu. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba tangu turuhusiwe, mlango uliogongwa na mtoto wa mtu ni mmoja tu.

Mpishi akaja hadi kwangu, taratibu, akichungulia kiti cha pembeni.

"Wa kwangu umemwacha garini?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Au amekaa nyuma?"

Nikafungua mlango wa nyuma. Aliitazama mitungi, mmoja baada ya mwingine.

Kipaza alituona. Alimkalisha mama yake kizingitini, akaja, akamwinamia mpishi sikioni kwa mazoea.

"Mimi nasikia, mwanangu," mpishi akasema. "Sema tu."

"Mama, nisamehe. Nilikuwa namwita mama yangu."

"Ulisema mama."

"Ndiyo."

"Ulisema mwanao yuko nje, amekuja."

"Ndiyo, mama. Nilisema."

Mpishi akafikiri. Wale wengine walikuwa wamemkazia macho Kipaza, wanasubiri, maana yeye ndiye aliyekuwa anawaambia la kufanya tangu mwanzo. Mpishi akavaa kile kiatu cha pili, ameshikilia gari, akauliza, "Sasa mimi nifunge, au niache wazi?"

Kipaza alinitazama mimi, kisha akaangalia mikono yake isiyo na karatasi. Mama yake pale kizingitini alikuwa anamwita kwa kiganja.

"Acha wazi, mama," akasema.

Mpishi akaitikia kwa kichwa. Akarudi kwake, akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakaa nacho mbele ya mlango ameelekea langoni. Mzee wa mlango wa pili akaenda kutafuta chake. Na wengine nao wakatoa. Nilimsaidia Kipaza kumwingiza mama yake ndani, nikamwita muuguzi, halafu nikaondoka peke yangu na lile gari. Nilipokuwa natoka langoni wote walikuwa wananitazama, na nilipokwisha kupita waliendelea kutazama pale pale.